Upepo Tu

Celedonio Paillán aliishia darasa la tatu. Vile vistari vinavyokaa juu ya herufi za Kihispania vilikuwa vikifundishwa darasa la nne, kwa hiyo maisha yake yote aliandika bila vistari, kama mtu anayetembea bila kofia na wala hajui kwamba wenzake wamevaa. Likumbuke hilo, maana ndilo lililomliza uzeeni.

Alizaliwa kwenye nyanda za kusini kabisa mwa Ajentina, mama yake akiwa mpishi wa shamba la kondoo. Alikuwa na miaka thelathini na tisa alipopewa kazi ya kupima hali ya hewa pale Cañadón Manso. Alipewa nyumba ya mabati yenye vyumba viwili, uzio wa waya, kipimajoto ndani ya kisanduku cheupe, beseni la maji la kupimia mvuke, na jirani wa karibu alikuwa kilomita arobaini. Mara tatu kwa siku alisoma vipimo na kuviandika kitabuni. Mwisho wa mwezi lori lilichukua kitabu hadi ofisini Comodoro, na kikishakwenda kimekwenda.

Mkewe, Delfina, alivumilia majira mawili ya baridi. Ya tatu yalipopiga hodi, alifunga sanduku lake.

"Mimi niliolewa na mtu, Cele, sikuolewa na upepo," alisema, akapanda lori.

Hakuwa mwanamke mbaya, na anayemlaumu aende akalale kule wiki moja. Upepo wa Cañadón Manso hauna adabu. Unakuamsha, unakula nawe, unakupokonya neno mdomoni kabla hujalimaliza. Celedonio alisimama mlangoni hadi vumbi la lori likatulia, kisha akaenda kusoma kipimajoto, kwa kuwa saa ilikuwa imefika.

Siku ile ndipo alipoanza kuandika. Mwisho wa kila mstari wa kitabu palikuwa na safu nyembamba ya maelezo mengine. Wapimaji wa vituo vingine waliandika humo "ukungu" au "umande", basi. Celedonio aliminya maneno humo hadi yakapanda ukingoni. "Upepo wa magharibi. Kuku amevuka ua kinyumenyume, wala si kwa kupenda." "Theluji tangu alfajiri, haina sauti. Waya wa uzio umenenepa kama mkono wa mtoto anayenyonya." "Kipimo cha beseni leo kisiaminiwe: mbweha anayechechemea amekunywa." "Upepo umeng'oa kifungo cha koti langu." Na zile siku ambazo hakuwa na la kusema, hakuna mbweha, hakuna wingu, hakuna hata ndege, aliandika maneno mawili: *Solo viento*. Upepo tu.

Dereva wa lori aliitwa Barrientos, mtu mnene mwenye mdomo usio na breki. Kila mwezi aliteremsha unga na gesi, akaketi kunyonya chai chungu kwa mrija, akakifungua kitabu bila kuomba ruhusa.

"Haya, mshairi wa kondoo, mwezi huu kuna nini? 'Jua limechomoza na sura ya mtu aliyeamshwa kwa deni.' Mama yangu! Unamwandikia nani haya?"

"Naandikia ofisi."

"Ofisi inataka namba, mzee! Unampigia mbuzi gitaa, tena mbuzi mwenyewe yuko Comodoro, hata mlio haumfikii."

"Wewe leta unga, Barrientos. Mambo ya gitaa niachie mimi."

Celedonio alicheka, lakini neno lile lilimchoma. Hakuna alichokitaka duniani kama kujua iwapo kuna mtu anayesoma. Hakutaka jibu wala sifa. Alitaka tu kujua kwamba maneno yake yanaingia kwenye macho ya mtu, hayamwagiki njiani. Hakuthubutu kuuliza kwa barua. Akiuliza, akajibiwa hapana, angeishi vipi na upepo ule?

Dalili aliyoipata kwa miaka ishirini na miwili ilikuwa moja. Mwaka wa nane vitabu vipya vilipofika, ile safu ya mwisho ilikuwa imepanuka kwa upana wa vidole viwili. Alifurahi kama aliyeongezewa chumba. Kisha akajiambia ni mambo ya wapiga chapa, akaendelea.

Mwaka 1988, mwezi Septemba, baridi ya kusini ikiisha, ikaja barua. Kituo kingewekewa mtambo unaojisomea wenyewe. Bwana Paillán alishukuriwa, na aliombwa alete mwenyewe kitabu cha mwisho pamoja na funguo. Alipiga pasi shati lake la harusi. Njia nzima ndani ya lori alikuwa akilifanyia mazoezi swali lake, na Barrientos, kwa mara ya kwanza tangu wajuane, hakumtania hata mara moja.

Ofisini alimkuta karani mmoja, mama wa makamo aitwaye Nélida. Aliweka kitabu mezani, akaweka funguo juu yake, akavua kofia.

Kabla hajauliza, Nélida alisoma jina kwenye jalada, akainua uso.

"Ndiye wewe? Wewe ndiye wa mbweha?"

Celedonio alishika ukingo wa meza. "Nani amekuambia habari za mbweha?"

"Bi Irma! Irma Oyarzo, aliyekuwa akinakili namba zenu. Kila kitabu chako kikifika alikuwa anatusomea, birika likiwa jikoni. Wengine tulikuwa tunacheka, nisikufiche. Yeye hakucheka." Akainama juu ya meza. "Yule kuku anayevuka kinyumenyume, je, ilikuwa kweli?"

"Kweli tupu. Yuko wapi huyo Bi Irma?"

Nélida alianza kupanga karatasi ambazo tayari zilikuwa zimepangika. "Tulimzika Juni, mzee. Kifua. Ungekuja Mei ungemkuta kwenye kiti kile pale."

Celedonio alikitazama kiti. Kilikuwa kiti cha mbao chenye mto wa kufuma, basi. Miaka ishirini na miwili alikuwa na msomaji, na amemkosa kwa miezi mitatu.

Nélida alimwonea huruma, akampeleka chumba cha nyuma na kumwonyesha rafu. Vitabu vyake vyote vilikuwa pale. "Yeye ndiye aliyepigana na mkuu hadi ile safu ikapanuliwa," alisema. "Alisema wewe unabanwa."

Alifungua cha kwanza. Juu ya maneno yake kulikuwa na vistari vidogo vya penseli nyekundu, kimoja kimoja, kila mahali alipokosa. Ukurasa baada ya ukurasa, mwaka baada ya mwaka, mtu alikuwa amepita nyuma yake akiyavalisha maneno yake kofia. Na pembeni, kwa mwandiko mdogo, palikuwa na maswali. *Mbweha alirudi?* *Krismasi ulikula na nani?* *Hilo koti limepata kifungo?* Yaliandikwa kama mtu anavyomsemesha aliye chumba cha pili, huku akijua hasikiki.

"Ila kuna kitu sijawahi kukielewa," Nélida alisema, akaweka kidole ukurasani. "Hapa. *Solo viento*. Ukitaka kusema 'tu', *solo* inavaa kistari. Ikiwa kichwa wazi, maana yake 'peke yangu'. Na wewe umeiandika mara mia na zaidi, zote kichwa wazi, na hakuigusa hata moja! Irma, ambaye alikuwa akisahihisha hata menyu ya hotelini!"

Celedonio aliinama juu ya kitabu. *Peke yangu, upepo.* Alifungua kingine, na kingine. Kila siku aliyodhani hakuwa na la kusema, ndivyo alivyokuwa amesema, na mwanamke mmoja kwenye kiti chenye mto alisikia na akaiacha penseli chini. Alilia palepale, bila kujificha, shati la harusi likalowa kola.

Alipomaliza aliomba penseli. Nélida alimpa ileile nyekundu, imebaki fupi kama kidole gumba. Akaketi kwenye kile kiti na kuanza kujibu, chini ya kila swali. *Alirudi Jumanne. Mwaka uliofuata alikuja na mke.* *Peke yangu. Nyama ya kondoo ilikuwa nyingi mno.* *Bado hakijapatikana.*

Saa ya kufunga ikafika. Nélida alisimama karibu naye amevaa koti, akakitazama kitabu kilicho wazi kwenye *Solo viento*.

"Na hapa, mzee? Tumalizie kistari, kumbukumbu zikae sawasawa?"

"Acha, mama," alisema Celedonio. "Hapo ndipo aliponisoma."

Nélida akavua koti, akaenda kubandika birika.