Daktari Bonareri Asimama Manga

Kwa vyeti, Bonareri ni afisa wa kliniki. Kwetu sisi watu wa Manga ni Daktari, na ukiulizia kwake kwa jina lingine utazungushwa. Alifanya kazi katika zahanati ya serikali miaka kumi na mmoja, kisha akakodi vyumba viwili sokoni, akafungua kliniki na duka la dawa. Mapazia aliyapata soko la Daraja Mbili, kwenye mitumba, yana picha za twiga. Mtoto akija kudungwa sindano huambiwa awahesabu. Jumamosi hafungui, kwa kuwa ni Msabato. Jumapili anafungua.

Siasa ilimjia kwa njia ya matope. Msimu wa mvua wa mwaka 2021, jirani yake Nyanchera alishikwa na uchungu na pikipiki haikuweza kupanda mlima. Wanaume wakambeba juu ya kitanda kumpeleka hospitali. Mtoto alizaliwa njiani, katikati ya migomba, Bonareri akiwa amepiga magoti kwenye tope. Mama na mtoto walikuwa salama, lakini kesho yake Daktari alivaa gambuti akaenda ofisini kwa diwani wetu, Mheshimiwa Mogire.

"Daktari," Mogire akamwambia huku akicheka, "wewe shughulika na malaria. Barabara niachie mimi."

Bonareri alirudi nyumbani. Mumewe, Mwalimu Onchiri, alimmiminia chai.

"Sasa utafanya nini?"

"Nitasimama udiwani."

"Wewe? Hata ukiambiwa utoe shukrani kanisani unatetemeka!"

Ni kweli, hakujua kuhutubia. Kampeni zake zilifanana na kazi yake: alikaa nyasini na akina mama, akawauliza maswali, akaandika majibu. Mogire alikuwa na lori la vipaza sauti.

Jumapili moja ya Julai 2022, mikutano yao ikagongana sokoni. Lori liliegeshwa chini ya mkaratusi wenye nyuki, na muziki ulipofunguliwa, nyuki wakashuka. Watu walitimua mbio, wengine wakajitupa ndani ya shamba la majani chai. Mogire alibaki juu ya lori, ameumwa usoni na shingoni, pumzi zikimwishia.

Bonareri alijifunika leso, akakimbilia lorini. Yeye na dereva wakamshusha, wakamkokota hadi kliniki, Bonareri akamdunga pajani sindano ya mzio.

"Da... Daktari, mimi..."

"Usizungumze, Mheshimiwa. Pumua tu."

Pumzi zilirudi, lakini ilibidi apelekwe hospitali mjini Kisii, kwa barabara ile ile. Bonareri akapanda naye garini. Usiku uliotangulia mvua ilikuwa imenyesha. Gari likakwama mara mbili, na wafuasi wa pande zote wakalisukuma, wengine wao wakiwa na macho yaliyovimba.

"Hii barabara ni mbaya sana," Mogire akanong'ona kwa midomo mikubwa kama maandazi.

"Kumbe?" alisema Bonareri, na akashindwa kujizuia, akacheka mpaka machozi. Mogire naye akacheka, ingawa ilimuuma.

Agosti, Bonareri alishinda kwa kura mia mbili na kumi na mbili. Mogire alikuja kumpa mkono mbele ya watu. "Nilitaka kwenda mahakamani," alisema, "lakini mke wangu amenikataza."

Mwaka uliofuata barabara ilimwagwa changarawe ya murram. Kwenye bunge la kaunti Daktari bado anasoma hotuba zake haraka kama anayekimbizwa, lakini wenzake humsikiliza, maana huwa amekuja na hesabu za wagonjwa.

Kliniki inaendeshwa na nesi Lorna siku za kazi. Jumapili Daktari yuko mwenyewe, na foleni hufika barabarani: wa kikohozi, wa fomu za basari ya shule, wa kulalamikia maji. Lorna alichoka na vurugu hiyo, akaweka mabenchi mawili, moja la wagonjwa, lingine la siasa.

Wiki iliyopita mzee Manasseh aliingia na mkongojo, akayatazama mabenchi kwa muda mrefu.

"Baba, wewe ni wa benchi lipi?" Lorna akamuuliza.

"Goti linaniuma," alijibu mzee, "na nimekuja kumshtaki aliyesababisha."

Lorna akamletea kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya mabenchi.