Pua ya Fundi wa Gesi

Kila akija kukagua shimo la moto wa gesi pale lojini Kibwezi, fundi huanza na yale mawe meusi. Huyatoa moja moja, kisha hupaka povu la sabuni kwenye viungo vya paipu, polepole, kama anayemnyoa mgonjwa. “Gesi ni nzito, madam, inalala chini kama maji,” husema akizibua matundu ya hewa. Kabla ya kuwasha humwuliza Wangechi, msimamizi wa loji, swali lake lilelile: “Unasikia harufu?” Wangechi hujibu hapana bila hata kunusa, akidhani ni heshima tu.

Leo harufu ilimchoma Wangechi pua akiwa bado mlangoni. Fundi alikuwa ameinamia shimo, kiberiti mkononi, uso umetulia. “Unasikia harufu?”

“Weka hiyo kiberiti chini, fundi! Gesi imejaa!”

Fundi alifunga gesi, akaketi mavumbini. “Tangu ile korona pua yangu ilikufa,” alisema. “Bibi amejifungua juzi. Nanusa kichwa ya mtoto, madam, ni kama nimenusa hii mawe.”