Kuku wa Mama na Jua la Engaresero

Mama alikubali kuhama Rhotia kwa sharti moja tu: kuku wake waje naye.

Nilikuwa nimepanda kumchukua baada ya msimu wa baridi uliokaribia kumuua. Kifua kilikuwa kimembana kiasi kwamba akitoka jikoni kwenda zizini ilimbidi asimame katikati, ashike mti, avute hewa kwa sauti niliyoisikia nikiwa ndani. Daktari wa Karatu alituambia bila kuzunguka kwamba ukungu wa kule juu haumfai tena, na kama kuna mtoto anayeishi sehemu ya joto, amchukue. Mtoto huyo nilikuwa mimi. Ninapika kwenye kambi ndogo ya watalii Engaresero, karibu na Ziwa Natron, na mwenye kambi amenipa chumba na uwanja kidogo nyuma ya jiko.

"Kuku tutamwachia jirani," nilimwambia.

"Basi na mimi mwachie jirani," alinijibu. "Nikiamka asubuhi bila banda la kufungua, naamka kufanya nini?"

Tukawapakia kwenye matenga, juu ya pikapu iliyokuwa ikishusha mboga. Walikuwa kuku wakubwa, wenye manyoya mengi, waliozaliwa kwenye ubaridi na wazazi waliozaliwa kwenye ubaridi. Tulipofika chini Mto wa Mbu walianza kufungua midomo. Mama alimsimamisha dereva, akashuka, akawanywesha mmoja mmoja kwa kifuniko cha chupa. Dereva alinitazama kwa kioo.

Miezi ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko nilivyotegemea. Kifua cha Mama kilifunguka. Alianza kutembea hadi kwa jirani yetu, mama wa Kimaasai aliyekuwa akituletea maziwa, ambaye alimwita "koko", yaani bibi, na wakawa wanakaa pamoja wakizungumza, kila mmoja kwa Kiswahili chake. Kuku walitaga. Niliwapikia wageni mayai ya Mama, naye aliuliza kila asubuhi kama Wazungu wameyamaliza.

Kisha mvua za vuli hazikuja. Mwaka ulipogeuka, jua lilikuwa limekaa juu yetu kama mtu aliyekataa kuondoka. Upepo wa kutoka ziwani ulileta harufu ya magadi na vumbi jeusi la mlima jirani unaotema moto, na mchana hata mbuzi waligoma kutembea. Banda la kuku lilikuwa la mabati, juu na pembeni, kwa sababu mabati ndiyo yaliyokuwa yamebaki kambi ilipojengwa. Kuwaachia nje hatukuweza. Mwenye kambi hakutaka kuona kuku kati ya mahema ya wageni, na mwewe walikuwa hawatoki angani.

Nilianza kuona mayai yenye maganda laini kama karatasi. Baadaye hayakuwepo kabisa. Mchana kuku walisimama wametanua mabawa, midomo wazi, makoo yakipiga haraka haraka, na hawakutaka hata kugusana. Siku nilipomkuta wa kwanza amekufa, Mama alimshika miguu akaenda kumfukia mwenyewe. Aliporudi alinawa mikono, akasema, bila kuniangalia:

"Kuku wangu wakiisha, unirudishe Rhotia."

"Mama, daktari alisema—"

"Nimesikia alichosema."

Tangu hapo nikawa nahesabu pumzi za kuku kana kwamba ni zake. Niliogopa kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima kwa mara moja, nikapanda kilima kidogo ambako mtandao unashika, nikampigia afisa mifugo tuliyemfahamu Karatu.

"Kinyesi chao ni cha kijani?" aliuliza.

"Hapana."

"Shingo zinapinda? Wanatoa kamasi?"

"Hapana. Wanahema tu."

"Basi hilo ni joto, mama. Banda ni la nini?"

"Mabati."

"Mabati? Engaresero?"

Akaniambia nitoe mabati ya pembeni niweke wavu, nifunike paa kwa nyasi au magunia yaliyoloweshwa, vyombo vya maji vikae kivulini na vijazwe mara kwa mara, na chakula wapewe kabla jua halijachomoza na tena likishazama. Mchana wasile, kwa sababu kuku akila joto la mwili wake linaongezeka.

Nilishuka nikamweleza Mama. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Yeye yuko Karatu amevaa sweta. Atalijua wapi joto la hapa?"

Wavu aliukubali. Magunia aliyakubali, na aliyalowesha mwenyewe. Lakini kuwanyima kuku mahindi mchana aliona ni ukatili. Maisha yake yote alikuwa amewamwagia punje saa ya chakula cha watu. Nilimkuta mara mbili ameficha mahindi ndani ya kanga. Mara ya pili nilimshika mkono, na alinitazama hadi nikauachia.

Kisha ikaja siku iliyoanza vibaya. Bomba linaloleta maji kutoka mtoni lilikuwa limepasuka, na tangi la kambi lilikuwa la wageni tu. Askari wa kambi alikuwa ameenda kutafuta fundi. Nilikuwa na kundi kubwa lililokwenda kutembea kwenye maporomoko, watu ambao wangerudi na njaa. Nilimpa Mama kidumu kimoja.

"Hiki ni chako na kuku hadi jioni," nilimwambia. "Usitoke juani. Nikimaliza kupika nitakwenda mtoni mwenyewe."

"Nimesikia."

Upepo ulikatika karibu na adhuhuri. Ndani ya jiko nilihisi masikio yangu yanaziba kwa joto. Nilichungulia dirishani nikaona mlango wa banda uko wazi. Nilidhani ameingia ndani kuwanywesha. Nikageuza viazi. Nikachungulia tena, mlango ulikuwa vilevile, na hakuna kilichotembea.

Nilitoka mbio. Banda lilikuwa tupu isipokuwa kuku wawili waliokufa pembeni. Magunia juu ya paa yalikuwa yamekauka kau. Chumbani hakuwepo. Kidumu hakikuwepo, wala tenga kubwa halikuwepo. Nyayo zake zilikuwa zimechapwa wazi kwenye lile vumbi jeusi, zikielekea mtoni, kwenye uwanda ambao hauna kivuli hata cha kuficha mkono.

Jirani yetu alikuwa mlangoni kwake akinipungia. "Koko amepita na kuku!" alipiga kelele. "Nimemwita, hakugeuka!"

"Lini?"

"Muda sasa! Nenda, nakuja na punda!"

Nilikimbia. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji ya jikoni na sijui niliichukua saa ngapi. Ardhi ilinichoma kupitia kandambili. Nilimwona kwa mbali kama rundo la nguo chini ya kichaka cha miiba kisicho na majani, tenga likiwa pembeni yake, na hakuwa anasogea.

Nilipomgusa, ngozi yake ilikuwa kavu na ya moto. Hakuwa na jasho hata tone. Alifungua macho akaniita kwa jina la dada yake, mama yangu mdogo, ambaye tulishamzika.

"Mama, ni mimi. Kunywa."

Alisukuma chupa kwa kiganja. "Wape wao kwanza."

"Kunywa kwanza."

"Wape. Watakufa."

Ndani ya tenga walikuwa wamelaliana, wengine vichwa vimelegea. Kidumu kilikuwa tupu. Alikuwa amewamwagia chote njiani. Nilimsikia akianza tena kuvuta hewa kwa ile sauti ya Rhotia, na nikapandwa na kitu ambacho sijawahi kukihisi kwa mzazi.

"Acha wafe!" nilimpigia kelele. "Wafe wote! Nimekuleta huku uishi, sikuwaleta kuku! Kunywa, au nawafungulia sasa hivi mwewe wawachukue!"

Alinikodolea macho. Sijui kama alinitambua. Lakini alifungua mdomo, nikammiminia kidogo kidogo, akakohoa, akameza. Kwa yaliyobaki nililowesha kanga yangu nikamfunika kichwa na shingo. Kisha nikasimama upande wa jua ili kivuli changu kimwangukie, maana hakukuwa na kingine cha kufanya.

Jirani alifika na punda mwenye madumu mawili yaliyojaa. Alilowesha shuka lake, akamfunga Mama kifuani, akaanza kumpepea kwa mfuniko wa ndoo, akisema kwa sauti ya chini, "Kunywa, koko. Kuku tutabeba sisi." Ni yeye aliyelifungua tenga na kuwatandaza kuku chini ya kichaka, akiwamwagia maji miguuni. Waliokuwa hai walianza kunyanyua shingo. Mama aliwatazama, na jasho lilipomtoka kwenye paji la uso nilikaa chini mavumbini nikalia.

Tulimpandisha punda hadi kwa jirani, ambako nyumba ya udongo ilikuwa na ubaridi. Kufikia jioni alikuwa ananiita kwa jina langu, na ananikasirikia. Wageni walikula mkate na ndizi. Nilipopanda kilimani, mwenye kambi alinipigia simu kwa hasira, nikamwacha aseme, kisha nikamweleza. Kesho yake alikuja mwenyewe, akasimama mbele ya banda, akaweka mkono juu ya bati, akauondoa haraka.

"Libomoe," alisema.

Kuku waliopona tuliwahamishia kwa jirani, upande wa mtoni, kwenye banda la matete lililoezekwa nyasi, ambalo upepo unapita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mama anakwenda alfajiri na anakwenda jua likizama. Kati ya hapo anakaa ndani. Mahindi ya mchana hayazungumziwi tena, ingawa sijamsikia akisema kwamba afisa mifugo alikuwa sahihi.

Kwa muda mrefu hakunisemesha zaidi ya salamu. Alichokuwa nacho moyoni alikitoa siku moja tukichambua maharage. "Ulisema wafe wote," alisema.

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya mtu mmoja, Mama. Na nitasema tena ikibidi."

Aliendelea kuchambua. Baadaye alisogeza sinia katikati, ili niyafikie vizuri.

Jirani alimpa jogoo wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, ambao joto haliwasumbui sana. Mama alimwona mbaya mno. "Kama mtu aliyetoka kuoga akasahau nguo," alisema. Lakini vifaranga wake wamekua, nusu yao shingo wazi, na mwaka huu jua lilipoanza kuwaka tena ni hao waliokuwa wakichakura mchana wakati wale wa Rhotia wamelala kwenye mchanga wenye unyevu. Jana nilimkuta Mama amesimama nje ya banda wakati ambao hakupaswa kuwa nje. Nilifungua mdomo kumkemea.

"Naangalia tu," alisema, na akanionyesha mwavuli.