Muhogo wa Niragira Kwenye Maji ya Chumvi

Niragira wa Nyamiaga alikuwa ameshafeli Baiolojia mara mbili. Ukifeli mara mbili ukiwa mtu mzima mwenye binti aliyeolewa, watu hawakucheki tena, wanakuhurumia, na heri wangecheka! Shule aliiacha kidato cha tatu kwa ujauzito. Sasa alisoma jioni na watahiniwa binafsi, akitafuta alama za kumwingiza chuo cha uuguzi. Yeye na mumewe Fideli walikubaliana vizuri tu: safari hii akikosa, vitabu basi.

Mwalimu wao, Rwekaza, kijana tu, aliwataka wajaribu jambo nyumbani. Kila seli hai, alisema, ina utando mwembamba unaochagua: maji yanapita, chumvi inazuiwa. Kateni vipande vyembamba vya muhogo. Kimoja kiwekeni kwenye maji matupu, kitajaa kikaze. Kingine kwenye maji ya chumvi, kitanyonywa maji kilegee.

Jumamosi Niragira akakata, akatumbukiza, akasubiri. Vyote viwili vikawa teketeke vilevile. Akaongeza chumvi. Wapi! Akaongeza tena, mpaka Fideli akauliza kama mchana watakula mboga zisizo na chumvi.

"Baba Nice, kichwa changu kimekufa," alimwambia mumewe. "Namrudishia mwalimu kitabu chake."



Rwekaza alifungua mlango wa nyumba yake, akamkuta Niragira amesimama na kitabu. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Kitabu hiki hapa. Asante sana, lakini mimi basi." Akamweleza yote, machozi yakimlengalenga.

"Muhogo wenyewe uliutoa wapi?"

"Kwenye pipa. Si nimeloweka wa unga, umeshaanza hata kunuka? Nichimbe mbichi niuharibu kwa chumvi? Chakula hicho, mwalimu!"

Rwekaza aliangua kicheko mpaka akashika fremu ya mlango. Niragira alikasirika kwelikweli. Hakutoka kwake kuja kuchekwa na mtoto wa juzi.

"Nisamehe, mama," alisema Rwekaza akijifuta macho. "Muhogo wa pipani umeshavunda. Seli zake zimekufa, utando umeharibika, hakuna tena wa kuchagua kipi kipite kipi kibaki. Hiyo chumvi inaingia inavyotaka! Umepata jibu sahihi kabisa la muhogo uliokufa. Kichwa chako ni kizima."

Niragira alisimama pale kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni. Kisha akakwapua kitabu mkononi mwa mwalimu na kwenda zake bila hata kuaga, moja kwa moja shambani. Alichimba muhogo mbichi, akaukata, akatumbukiza. Kipande cha chumvi kilipolegea kikaning'inia kwenye vidole vyake kama kamba, na kile cha maji matupu kikagoma hata kupinda, alicheka peke yake uani mpaka kuku wakakimbia.

Matokeo yalipotoka, Baiolojia ilikuwa C, na mengine yakatosha. Niragira alikaa chini palepale, akashusha pumzi ndefu.

Fideli, mtu wa maneno machache, alitoka hadi barabarani na kumsimamisha mwendesha baiskeli asiyemjua.

"Mke wangu ni nesi!" alimwambia.

"Chuo kwanza, wewe!" Niragira alipaza sauti kutoka uani, akilia na kucheka. "Ngoja nikasome kwanza!"