Mstari Nilioukata

Watu wakiikumbuka Redio Mkuyu hukumbuka muziki wa mchana, na yule mtangazaji aliyekuwa akicheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Mtangazaji huyo ni mimi, Luhaga, na leo nasema wazi kwamba sikuwa lolote. Redio ile ilikuwa dada Jovitha. Asiyetaka kusikia hivyo, basi.

Mzee Kashindye, mnunuzi wa pamba, aliifungua mwaka 1995, serikali ilipokwisha kuruhusu redio za watu binafsi. Tulikuwa na vyumba viwili juu ya duka la mabati, hapa Mkuyuni. Kuta tulizibandika trei za mayai ili sauti isirudi. Jovitha alipanda ngazi siku ya tatu akiwa na barua ya kupunguzwa kazi. Miaka kumi na minne alikuwa mpiga chapa kwenye chama cha ushirika, kisha maghala yakafungwa wakaambiwa asanteni, nendeni. Hana mume, hana mtoto. Aliyekuwa naye ni mama yake, kule Muleba, na kaka mmoja Igoma anayetengeneza vitanda vya chuma, sisi tukimwita Baba Queen. Mzee Kashindye akampa meza ya matangazo karibu na mlango.

Msidhani redio ya biashara huanza kwa sabuni na soda. Hao walikuja baadaye. Sisi mwanzo tuliishi kwa vifo. Simu zilikuwa za kuhesabika, na mtu akifa Sengerema, nduguye wa Mkolani angejuaje? Walituletea karatasi, tukaisoma saa saba mchana, na mji mzima ukanyamaza kusikiliza. Bei ilikuwa ya maneno arobaini. Sasa mfiwa gani anajua kuandika maneno arobaini? Walileta themanini, mia, machozi yamelowesha wino. Jovitha aliwakalisha, akawapa pole, akachukua kalamu ya buluu akapunguza.

"Majina hayakatwi," alinifundisha. "Kata sifa, kata ugonjwa, kata sentensi nzima ukitaka. Lakini jina la mtu ukilikata, umemzuia asimzike mtu wake."

"Dada yangu Mhaya," nilimtania, "hata msibani unatufundisha insha!"

"Cheka tu. Siku moja utakaa meza hii."

Bahasha za Kagera zilikuja na meli, na hizo alizifungua yeye kwanza. Nilimuuliza sababu. Akaniambia, "Luhaga, mimi ni mtoto wa mwisho. Mama ameshanambia, wengine wakikosa wakose, lakini wewe usiache nifukiwe hujanimwagia udongo. Nimemwahidi." Aliniambia hayo mchana kweupe, tukinywa chai. Kwa hiyo siwezi kusema sikujua.

Mwaka 1997 sabuni zikaanza kuja, na mzee Kashindye akaonja utamu wa matangazo makubwa. Jumatatu moja akamtuma Jovitha Bariadi, azungukie viwanda vya kuchambulia pamba atafute wateja. Siku nne. Mtambo wetu ulikuwa mdogo, ukishapita Magu husikii hata mkwaruzo. Meza akaachiwa huyu mjuaji, mimi.

Jumanne asubuhi baharia akaleta bahasha kutoka Bukoba. Mwandiko mzuri, wa mwalimu wa zamani. Mzee Rutashobya wa Muleba anasikitika kutangaza kifo cha shemeji yake, Ma Kokugonza. Habari ziwafikie Obedi wa Igoma, na fulani, na fulani, majina tisa. Mwisho kabisa, mstari mmoja: *Mazishi yanamsubiri kitinda mimba wake, aje amwage udongo.*

Maneno yalikuwa arobaini na manane. Saa saba kasoro dakika tano. Mkononi nilikuwa na kanda ya tangazo la sabuni, na kichwa chote kilikuwa huko. Nikatafuta cha kukata. Majina hayakatwi. Ule mstari wa mwisho haukuwa na jina. Nikaupitishia kalamu ya buluu, tena nikajisifu kwamba nimejua kazi.

Obedi! Kaka yake Jovitha mimi nilimjua kwa jina la Baba Queen tu, na Ma Kokugonza sikumjua kwa jina lolote ila mama yake Jovitha. Lakini kitinda mimba, na Muleba, na udongo? Nilikuwa na masikio ya nini? Niliisoma ile karatasi kwa sauti yangu nzito, nikaichomeka kwenye msumari, nikaweka sabuni.

Alhamisi mchana Jovitha akarudi, mavumbi hadi kwenye nyusi, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vya kukausha, ameniletea mimi. Nikaanza kutafuna hapo hapo. Yeye akaketi, akavuta karatasi za msumari azipange kama kawaida yake. Nikageuka, ameshika karatasi moja kwa mikono yote miwili.

"Luhaga. Huu mwandiko ni wa baba mdogo."

Nikauweka mchembe mezani.

"Nani amekata hapa?"

"Mimi, dada. Maneno yalizidi. Hapakuwa na jina."

Aliusoma mstari chini ya wino wangu, polepole, midomo ikicheza. Nilitamani anipige. Wallahi, angenipiga ningeshukuru. Akasema tu, "Umefanya kama nilivyokufundisha."

Jioni hiyo alipanda meli. Yaliyobaki nilielezwa na Baba Queen. Yeye alisikia tangazo langu Jumanne, akakimbilia bandarini moja kwa moja, akiamini dada yake wa redioni amejua kabla yake na ametangulia. Kule Muleba, mzee Rutashobya hakuandika jina la Jovitha kwa sababu moja tu: Jovitha si ndiye msomaji wa karatasi? Utamwandikiaje habari mtu aliyeshika habari yenyewe? Kila mtu alijua kwamba anajua. Walimsubiri Jumatano. Walimsubiri Alhamisi, marehemu amelazwa sebuleni juu ya nyasi, hakuna mochwari, joto kali. Saa kumi jioni wakashindwa, wakazika. Jovitha alifika Ijumaa mchana, akakuta kaburi limeshawekwa maua.

Alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, kitenge cheusi. Nikamwambia, "Dada, nisamehe." Akasema amenisamehe tangu kwenye meli, lakini ana ombi moja.

"Nisomee ile karatasi. Yote."

Mzee Kashindye akasikia, akaanza: marehemu ameshazikwa, tutawachanganya wasikilizaji, na saa saba imeshanunuliwa na watu wa sabuni. Mungu anisamehe, yule ni mtu wa kuamkiwa shikamoo, lakini siku hiyo nilimpigia kelele hadi wa dukani chini wakatoka nje. Nikamwambia tangazo halikusomwa bado, nusu yake iko chini ya wino wangu, na kama hataki anifukuze nikishamaliza. Akasogea mlangoni, akanipisha.

Saa saba nikawasha kipaza sauti. Jovitha aliketi upande wa pili wa kioo, pale wanapoketi wageni, amevaa spika za masikioni, mkoba mapajani. Nikasoma. Majina yote tisa. Sauti yangu nzito ilikuwa imeniacha, ikatoka ya mtoto. Nikafika mwisho.

"Mazishi yanamsubiri kitinda mimba wake, aje amwage udongo."

Jovitha akasimama wima. Kioo chetu kilikuwa kinene, sikusikia kitu, lakini midomo yake niliiona vizuri.

"Abee, mama."