Ndege ya Viti Sabini na Sita

Kapteni Lorna Haugen hakuwa mtu wa kuamini tabasamu la mwajiri. Miaka kumi na mitano nyuma, kampuni yake ya ndege pale Minneapolis ilimpunguza kazini, safari zake za Fargo na Duluth zikapewa kampuni ndogo zenye marubani wa mishahara midogo. Miaka mitatu aliuza rangi za nyumba dukani. Aliporudishwa, akaingia kamati ya chama cha marubani iliyolinda kipengele kimoja cha mkataba: kampuni ndogo zisirushe ndege yenye viti zaidi ya sabini na sita, wala yenye uzito wa kuruka unaozidi pauni elfu themanini na sita. Kubwa kuliko hapo irushwe na marubani wa kampuni kubwa.

Machi ile, theluji ikiwa bado imeganda kando ya barabara, kampuni iliwaita wanakamati waone mfano wa ndege mpya iliyotaka kuzipa kampuni ndogo. Meneja Grady Pruitt aliwapokea kwa kahawa na donati.

"Viti sabini na sita. Hesabuni wenyewe."

Lorna akahesabu. Vilitimia. Lakini machale yakamcheza: nyuma palikuwa na nafasi pana, zulia tupu. Akapiga goti, akalibonyeza. Chini yake reli za kufungia viti ziliendelea mpaka ukutani.

"Hapa mtaweka nini, Grady?"

"Mizigo midogo."

"Siku hizi mizigo inafungwa kwenye reli za viti?"

Grady akacheka. "Kapteni, wewe hata donati utaipekua."

"Na uzito?"

"Tutauandika kama mkataba unavyotaka."

"Sikuuliza utaandikwaje. Nauliza utakuwaje."

Grady akatazama saa yake.

Garini, Wendell Ostby, mwenyekiti wa kamati na rafiki yake wa miaka ishirini, alinung'unika. "Umezidi, Lorna. Ijumaa tusaini, tumalize."

Haraka hiyo nayo haikumkalia sawa. Jioni akaisoma mara tatu barua ya makubaliano waliyotakiwa kusaini. Mkataba ulisema "uzito ulioidhinishwa kwa ndege ya aina hiyo." Barua ilisema "uzito uliotangazwa na kampuni." Yaani kampuni ingetangaza wowote ule. Ndipo akakumbuka kwamba Britt, binti wa Wendell, alikuwa rubani wa kampuni ndogo.

Kesho yake alimkuta Wendell gerejini kwake, akifungua mashine ya kuzoa theluji.

"Uliyaona maneno haya?"

Wendell akafuta mikono polepole. "Niliyaona."

"Ukanyamaza."

"Britt ana miaka tisa kwenye kiti cha kulia, cha rubani msaidizi. Ndege hizi zingempa ukapteni. Wewe umebakiza miaka sita ustaafu, inakuuma nini?"

"Mimi niliuza rangi, Wendell. Sitaki mwingine aende kuuza."

Akaondoka hajaaga. Kumshuku Grady kulikuwa rahisi. Wendell alikuwa mtu aliyembebea Lorna jeneza la mama yake.

Ijumaa kamati ilipokutana, Wendell alisimama, akawasomea wenzake maneno ya mkataba na ya barua, akaeleza habari za binti yake, akajiuzulu uenyekiti. Barua ikakataliwa.

Baada ya siku nne tu, kampuni ilirudisha barua yenye maneno yaleyale ya mkataba, bila hata kubishana. Wenzake wakapongezana. Lorna akaomba apewe wiki moja zaidi, akavaa miwani, akaanza upya ukurasa wa kwanza.