Meno ya Baba Katika Maji ya Moto

Meno yangu mapya yanalala ndani ya kikombe cha plastiki, kwenye maji baridi, juu ya meza karibu na Biblia. Nikikisogeza kikombe yanagonga ukingo, tk, tk, na sauti hiyo hunirudisha kwenye nyumba yetu ya udongo pale Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, iliyoezekwa kwa turubai, nikiwa msichana mdogo na mama ameinama juu ya mafiga.

Wiki iliyopita, mjini Mbarara, daktari wa meno alinikabidhi meno haya na kunionya. Ni kijana Mnyankole, mwenyeji wa huko. Kiswahili chake ni cha kuokoteza, lakini alikisema kwa heshima.

"Mama, hii meno utaosha na maji baridi na sabuni kidogo. Maji moto hapana. Ukimwaga maji moto inajikunja, hairudi tena."

Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikabaki nimekaa kwenye kile kiti kirefu, naye akadhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa kanisa. Tulipokimbia kutoka milima ya Kivu ya Kusini, yeye alibeba Biblia, na mama alibeba vibuyu vyake vya maziwa, ingawa ng'ombe wote walibaki nyuma. Kanisani kwetu wengi hawakujua kusoma; Neno walilipata kinywani mwa baba. Alisoma polepole, akilipa kila neno nafasi yake, na watu waliokuwa wamelima mahindi wiki nzima walisahau uchovu.

Ugonjwa ulianza na damu kwenye mswaki. Sisi tuliona damu ni dalili ya kidonda, na kidonda hakisuguliwi, basi baba akaacha kupiga mswaki ili ufizi upone. Daktari wangu ameniambia kwamba hapo ndipo wengi hukosea: damu ile ilikuwa inaomba meno yasafishwe vizuri zaidi, taratibu, kila siku. Ukoga uliachwa ukawa mgumu kama jiwe, ukaingia chini ya ufizi, ufizi ukavimba na kuachana na meno, na mfupa unaoyashika ukaliwa kidogo kidogo. Nyumbani hatukujua hayo. Tulisikia harufu, tukanyamaza kwa adabu. Mama alimpa maji ya chumvi asukutue. Tulifunga na kuomba. Meno yakazidi kucheza, na siku moja jino moja likabaki ndani ya hindi la kuchoma. Baba akalichomoa, kisha akamaliza hindi kwa upande wa pili.

Kilichomtesa hakikuwa chakula. Kanisani upepo ulianza kupita katikati ya maneno yake, na vijana wa benchi la nyuma wakaanza kucheka. Nilimsikia akimwambia mama, "Nikishindwa kusoma, hawa watu watasikia Neno kwa nani?" Mama akaendelea kuchambua maharage.

Waumini wakachanga pesa za matibabu. Haji mmoja wa Mbarara, aliyekuja Kabingo kununua maharage, akampa baba nafasi kwenye lori lake. Mjini walimchoma sindano ya ganzi, wakang'oa meno yote yaliyobaki, wakamrudisha nyumbani ufizi upone. Tulipitisha miezi ya uji na maharage ya kupondwa. Aliporudi Mbarara walimng'atisha kitu laini kama ugali ili kupata umbo la kinywa chake, na baadaye akaja nyumbani na meno ya bandia, meupe, yamekaa kwenye ufizi wa plastiki wa rangi ya waridi.

Jumapili ile alisoma Zaburi nzima bila kuteleza. Watu walilia. Tulipotoka nje, jirani yetu Mama Rebeka alipiga makofi.

"Ee, Mwalimu! Umerudia ujana! Mama Esta, umuchunge huyu, batamunyang'anya!"

"Bakuje," mama akajibu. "Batanikuta na mwiko."

Nilikuwa sijamsikia mama akicheka hivyo tangu tuhame.

Jioni mama akanyoosha mkono. "Baba Esta, leta hayo meno niyasukule."

Kwa mama, kusukula, yaani kuosha, kulikuwa sehemu ya ibada. Vibuyu vyake alivimwagia maji yaliyochemka, akavitikisa, akavifukiza kwa moshi wa kuni nzuri, hata wafugaji wa Endiinzi waliotugawia maziwa walimsifu. Alikuwa akituambia kwamba kitu cha kuingia kinywani lazima kionje moto kwanza. Basi akayaweka meno ndani ya bakuli, akainua sufuria kutoka mafigani, akamimina. Mvuke ukapanda hadi usoni pake. Alipoanza kuyasogeza kwenye moshi, baba akacheka: "Hapana, mama, mimi si kibuyu!"

Asubuhi meno yalimbana. Baba akasema labda ufizi umevimba. Mama akaona labda hakuyasafisha vya kutosha, na jioni akachemsha maji zaidi. Kila siku aliongeza bidii, na kila siku baba aliyavaa kwa shida zaidi. Jumapili iliyofuata alisoma mistari michache, akashika shavu, akaketi. Kwenye kitambaa chake niliona damu. Nilitamani kusaidia na sikujua nishike wapi.

Alirudi Mbarara. Tulimngoja siku nzima. Alipoingia, mama alimpokea mkoba na kuuliza, "Daktari amesemaje?"

"Amesema ufizi wangu umebadilika," baba akajibu. "Haina shida. Ni mapenzi ya Mungu."

Kuchangisha tena watu wale wale hakukuwezekana. Kijana mmoja akapewa kazi ya kusoma, akasoma kama anayekimbizwa, na baba akaketi benchi la mbele akifuatisha kwa midomo isiyo na sauti.

Lakini kila jioni aliyatoa yale meno mfukoni, akampa mama. Naye aliyamwagia maji ya moto, akayafuta, akamrudishia. Jambo hilo liliniudhi. Siku moja nikamuuliza baba kwa nini mama anahangaika na meno asiyoyavaa.

"Acha mama yako asukule, Esta," alinijibu.

Nilidhani ni ukaidi wa wazee. Nilipokuwa nimekaa kwenye kiti kile Mbarara, nilimuuliza daktari kama meno yaliyopikwa hutambulika. Akasema ndiyo, mara tu ukiyashika, na kwamba angemweleza mgonjwa palepale.

Basi baba aliambiwa. Alirudi na habari hiyo njia yote, kutoka mjini hadi Juru, na alipofika mlangoni akautwika ufizi wake lawama. Mama amezikwa hapa Nakivale, naye hakuwahi kujua. Wote wawili sina tena namna ya kuwafikia; namshukuru Mungu tu kwa yale aliyoniruhusu kuyaona bila kuyaelewa. Jioni baada ya jioni, baba alipokea mikononi mwa mama meno yaliyojikunja, yenye joto bado, akayageuzageuza kwenye mwanga wa moto kama mtu anayekagua kazi nzuri, akamwambia, "Aksanti, Mama Esta. Yametakata kabisa."